Mafuta Mazito Yaeleayo: Uhakiki wa Istilahi ya Densiti na Vipimo Vyake

Watoto wa shule wana swali moja wapendalo kutegana: kilo moja ya chuma na kilo moja ya pamba, ipi iliyo nzito zaidi? Anayejibu kuwa ni chuma huchekwa, na mwalimu aliye karibu huchukua fursa hiyo kueleza kwamba kilo ni kilo. Kwa mtazamo wa hesabu mwalimu amesema kweli. Kwa mtazamo wa lugha, hata hivyo, mtoto anayechekwa hakustahili kuchekwa. Sentensi "chuma ni kizito kuliko pamba" hukubaliwa na kila msemaji wa Kiswahili, akiwemo mwalimu huyo mwenyewe, na hakuna anayeisahihisha kwa kuuliza ni chuma kiasi gani na pamba kiasi gani. Mtoto amejibu swali la densiti, ilhali ameulizwa swali la uzani. Kivumishi -zito hutumika kwa maswali yote mawili, na hakuna aliyemwonyesha mtoto mahali yanapotengana.

Istilahi ya densiti imejadiliwa mara nyingi kana kwamba shida yake ni upungufu wa maneno. Yamependekezwa msongamano, wiani na uzito mahsusi, na hatimaye wengi wamerejea kwenye neno la kukopa, densiti. Wingi huo wa majina unaonyesha bidii ya waundaji. Kinachokosekana ni uchunguzi wa namna Kiswahili kinavyosema jambo lenyewe pale ambapo hakuna kamati inayosikiliza. Uchunguzi wa aina hiyo hauna budi kuanza na kivumishi -zito.

Yatazamwe matumizi matatu. Katika "mzigo huu ni mzito", anayezungumziwa ni mzigo mmoja ulio mbele ya macho. Ukigawanywa mara mbili, kila nusu huwa nyepesi kuliko mzigo mzima, na msemaji atabadilisha kauli yake bila kusita. Katika "chuma ni kizito", hakuna kipande cha chuma kinachoonyeshwa. Inayozungumziwa ni jinsi ya kitu, na chuma hicho kikikatwa vipande elfu, kauli hubaki kweli kwa kila kipande, hata kwa msumari mdogo unaobebwa kwa vidole viwili. Katika "uji huu ni mzito" maana ni nyingine kabisa. Uji ukigawanywa katika bakuli kumi hubaki mzito, kama chuma. Lakini ukizidishwa moto au kutiwa maji huwa mwepesi, na asemaye hivyo hafikirii mizani hata kidogo. Anafikiria namna uji unavyokataa kumiminika.

Matumizi haya matatu, yaani uzani, densiti na ukinzani wa kimiminika, hutofautishwa katika Kiswahili kwa sarufi ya kinachozungumziwa. Nomino ikiwa na kionyeshi au ikitaja kitu kimoja mahsusi, -zito huelekea uzani. Nomino ya jinsi, isiyo na kionyeshi, huelekea densiti. Nomino ya kimiminika, iwe na kionyeshi au isiwe nacho, huelekea unene wa uji. Mfumo huu ni mzuri, na wasemaji huutumia bila kukosea. Kasoro yake hujitokeza mahali pamoja tu, nako ni kwenye vimiminika, kwa sababu huko maana ya tatu huimeza ya pili. Mpishi yeyote hutaja mafuta mazito, na mpishi huyo huyo huyaona mafuta hayo yakielea juu ya mchuzi. Mafuta ya kupikia yana densiti ya takriban gramu 0.92 kwa kila sentimita moja ya ujazo, na maji yana gramu 1; ndiyo maana hupanda juu. Kwa upande mwingine, zebaki humiminika upesi kama maji na hakuna awezaye kuiita nzito kwa maana ya uji, ilhali densiti yake ni mara 13.6 ya ile ya maji. Asali ndiyo iliyo nzito kwa maana zote mbili, nayo kwa bahati mbaya ndiyo mfano upendwao na vitabu, kwa hiyo mwanafunzi hutoka darasani akiamini kuwa maana hizo mbili ni moja.

(Wahakiki wa fasihi nao wasijione wamesalimika. "Shairi zito" huandikwa katika kurasa za majarida kila mwaka, na mara chache hudhihirika kama mhakiki anasifu wingi wa mawazo katika mishororo michache, jambo ambalo ni densiti kamili, au analalamika kuwa shairi halimiminiki.)

Mtu anaweza kudhani kwamba hili ni jambo la wanaisimu tu. Lakini kila alfajiri, katika vituo vya kukusanyia maziwa vya nyanda za juu za Kenya, mkulima hufika na mtungi wake, na karani hutumbukiza laktomita. Maziwa halisi ya ng'ombe huwa na densiti ya gramu 1.028 hadi 1.032 hivi kwa kila sentimita moja ya ujazo. Yakitiwa maji, kipimo hushuka, na mtungi hukataliwa. Mkulima huangalia maziwa yake, huona malai mengi juu, na hujitetea kuwa maziwa yake ni mazito. Anasema kweli, kwa maana ya uji. Malai, hata hivyo, ni mafuta, nayo huelea kwa sababu densiti yake ni ndogo kuliko ile ya maziwa mengine. Maziwa yaliyoenguliwa malai huwa na densiti kubwa zaidi, karibu gramu 1.035, ingawa mdomoni ni mepesi. Mwenye hila aweza kwa hiyo kuengua malai, kisha akatia maji mpaka kipimo kikarudi palepale pa kawaida, na laktomita peke yake isimgundue. Katika mazungumzo hayo ya karani na mkulima neno "mazito" husemwa na wote wawili, na kila mmoja ana lake. Anayepoteza ni yule ambaye maana yake haimo katika chombo.

Ni katika muktadha huu ambapo istilahi zilizopendekezwa zafaa kupimwa. Msongamano ndilo lililoenea zaidi, hasa katika taaluma ya jiografia na katika magazeti. Neno hili limetokana na kitenzi songa, kupitia songamana, na lina mnyambuliko unaohitaji wengi wanaobanana wao kwa wao. Kwa watu na magari linafaa sana, lakini kwa sababu hiyo hiyo lina lawama ndani yake. Hakuna anayesifu msongamano. Sensa ya Kenya ya 2019 ilihesabu watu 47,564,296, na wastani wa watu 82 kwa kila kilomita moja ya mraba. Katika kaunti ya Marsabit wastani huo ulikuwa watu 6. Kuandika kwamba Marsabit ina "msongamano wa watu 6" ni kuilazimisha lugha iseme kinyume cha inachoona, kwa maana watu sita waliotawanyika katika kilomita ya mraba hawasongamani na yeyote. Neno lenye kulaumu wingi haliwezi kupima uchache. Katika fizikia kasoro hii huzidi, kwa sababu gesi hupimwa densiti vilevile, na molekuli za gesi ndizo zilizo mbali mbali kuliko zote.

Wiani halina kasoro hiyo, lakini halina pia wasemaji. Neno ambalo mwalimu hana budi kulifafanua kwa neno jingine kila alitumiapo limekwisha kupoteza nusu ya kazi yake. Uzito mahsusi lina shida ya namna nyingine: linarudisha neno uzito mlangoni, wakati jambo linalotakiwa ni kulitenga. Aidha, lilihusiana na dhana ya densiti linganishi, yaani densiti ya kitu ikigawanywa kwa ile ya maji. Dhana hiyo haina kizio chochote cha kipimo, na kuitumia kwa densiti yenyewe ni kuchanganya namba tupu na namba yenye vizio.

Neno tungamo nalo linastahili kutajwa hapa, ingawa halikupendekezwa kwa densiti. Hutumika, sambamba na masi, kwa wingi wa mada ulio ndani ya kitu. Asili yake ni tungama, na katika lugha ya kawaida vinavyotungama ni damu na maziwa: ni kimiminika kinachogandamana na kuwa kizito kwa maana ya uji. Waundaji walitafuta neno la wingi wa mada wakachukua lile linalonukia ukinzani, na kwa namna hiyo dhana tatu zilizokuwa zimechanganyika katika -zito zikachanganyika upya katika istilahi zilizokusudiwa kuzitenga. Uamuzi huo haukuwa wa busara. Masi, pamoja na ugeni wake, halimpotoshi mtu.

Kwa sababu hizo densiti ndilo neno la kukubaliwa katika fizikia, msongamano likiachiwa watu na magari pale tu wanapobanana kweli. Lakini kukubali mkopo si kumaliza kazi. Neno la kukopa lina fadhila moja tu, nayo ni kwamba halidanganyi, halifundishi lolote. Kamusi ya istilahi za Biolojia, Fizikia na Kemia iliyotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, Dar es Salaam, mwaka wa 1990, ilikuwa hatua kubwa ya kuwapa walimu orodha moja ya kuaminika, lakini orodha, kwa asili yake, hutoa jina na fasili, haitoi njia. Njia ya kulifikia neno hili imo katika vipimo ambavyo wasemaji wa Kiswahili walikuwa navyo kabla ya gramu.

Vipimo hivyo ni kibaba, kisaga na pishi. Vibaba viwili ni kisaga, na visaga viwili ni pishi. Hivi ni vipimo vya ujazo. Methali ya haba na haba inasema wazi kwamba kibaba hujazwa. Upande wa pili kulikuwa na ratli na frasila, ambazo ni vipimo vya mizani, na karafuu za Unguja ziliuzwa kwa frasila ya kilo 16 hivi. Sasa, baadhi ya kamusi za zamani huieleza pishi kwa ujazo na papo hapo huipa uzani wake kwa ratli, na wasomi wa baadaye wameliona jambo hilo kuwa ni ulegevu wa waandishi au, vibaya zaidi, wa wenyeji wasiopambanua. Hukumu hiyo haifai. Pishi ingeweza kuwa na uzani unaojulikana kwa sababu ilijulikana inapima nini. Ilipima nafaka. Anayejua pishi ya mchele ina ratli ngapi anajua densiti ya mchele, ingawa hana jina la anachokijua, na anajua pia kuwa ratli hizo si zile za pishi ya unga.

Zaidi ya hayo, wafanyabiashara wa pwani walipambanua kibaba cha mfuto, ambacho uso wake umefutwa ukawa sawa na ukingo wa chombo, na kibaba cha tele, kilichoachiwa kichuguu juu. Tofauti hiyo ni ya kisayansi hasa. Densiti ni uwiano wa mambo mawili, na anayeuziwa kitu kwa ujazo ana sehemu mbili za kudhulumiwa: ukingo wa chombo, na nafasi zilizo kati ya punje. Kwa ukingo lugha ina mfuto na tele. Kwa nafasi ina kitenzi shindilia, na kila mnunuzi wa unga au makaa anajua kwa nini gunia hutikiswa na kushindiliwa na anayenunua, na huachwa lilegee na anayeuza. Hakuna kitenzi cha Kiswahili kilicho karibu zaidi na maana ya kuongeza densiti, na ni ajabu kwamba katika mijadala ya istilahi hakitajwi hata kama mfano wa darasani.

Vipimo vya aina hii havijafa. Debe lililokuwa la mafuta ya taa, la galoni nne, yaani lita 18 na kidogo, lingali sokoni. Kwa desturi ya masoko mengi ya Kenya madebe sita hufanya gunia la mahindi la kilo 90, yaani kilo 15 kwa debe. Hesabu hiyo humpa mwanafunzi densiti ya mahindi yaliyorundikana, karibu kilo 0.8 kwa lita, bila kugusa kifaa chochote cha maabara. Debe hilo hilo la maji lina kilo 18. Likijazwa makaa halifiki hata nusu ya uzani wa mahindi. Kibaba cha tele nacho kimerudi kwa jina jingine: nchini Tanzania huitwa lumbesa, gunia lililoongezwa kilemba cha kamba juu ya mdomo wake, na mkulima wa viazi ndiye alipaye tele hiyo. Nchini Kenya kanuni za zao la viazi za 2019 ziliweka kilo 50 kuwa ukomo wa mfuko, yaani ziliondoa ujazo na kuweka mizani mahali pake. Ugomvi wa lumbesa ni ugomvi wa densiti tangu mwanzo hadi mwisho.

Asidhani mtu kwamba kuunganisha ujazo na uzani kwa kupitia kitu kimoja ni dalili ya uchanga wa vipimo vya pwani. Kilogramu yenyewe ilizaliwa hivyo. Sheria ya Ufaransa ya 1795 iliiweka gramu kuwa uzani wa maji safi yanayojaza mchemraba wenye upande wa sentimita moja, katika joto la barafu inayoyeyuka. Mwaka wa 1799 joto hilo lilibadilishwa likawa la nyuzi 4, ambapo maji huwa na densiti kubwa kuliko yote. Paris ilichagua maji pale ambapo pwani ilichagua nafaka. Maji yana faida kubwa, maana hayashindiliki wala hayaachi nafasi, lakini wazo ni lile lile. Hata matatizo yalikuwa yale yale: tangu 1901 hadi 1964 lita ilifasiliwa kuwa nafasi ya kilo moja ya maji, na ikabainika kuwa ilizidi desimita moja ya ujazo kwa sehemu 28 katika milioni. Kilo ilikuwa imekwisha kuacha maji na kushikamana na kipande cha madini kilichowekwa mwaka wa 1889, na tangu tarehe 20 Mei 2019 imeacha hata madini hayo na kufasiliwa kwa namba isiyobadilika ya Planck. Alama ya asili yake, hata hivyo, bado iko wazi, kwani densiti ya maji ni 1,000 kamili, au karibu sana na hapo, na mwanafunzi asiyeelezwa sababu hudhani ni sadfa. Katika lugha za Mashariki utafiti wa namna hii ni wa zamani zaidi: kitabu cha al-Khazini cha 1121 kiliitwa Mizani ya Hekima, na jina hilo lina mzizi ule ule uliotupa uzani.

Limebaki suala la vizio vinavyoandikwa, nalo hupuuzwa kuliko yote. "Kilogramu 1,000 kwa mita ya ujazo" ndiyo tafsiri ya kawaida. Kihusishi kwa, hata hivyo, kina kazi mbili zinazopingana katika lugha ya vipimo. Fundi anaposema chumba ni "mita tano kwa tatu", kwa humaanisha kuzidisha. Dereva anaposema "kilomita sitini kwa saa", humaanisha kugawanya. Mwanafunzi anayekutana na "gramu kwa sentimita ya ujazo" kwa mara ya kwanza hana kitu katika sentensi cha kumwonyesha afuate fundi au dereva. Magazeti huongeza utata kwa kuandika "watu 82 kwa kilomita za mraba", wingi ambao huifanya kauli isiwe na maana, kwa sababu haijulikani ni kilomita ngapi. Tiba ni maneno mawili madogo: kila na moja. "Kilogramu 1,000 kwa kila mita moja ya ujazo" haiwezi kusomwa kama kuzidisha. Ni ndefu, na wahariri watailalamikia, lakini ufupi uliopo umenunuliwa kwa bei ya maana.

Neno kila linaleta pia tahadhari ambayo lugha haina budi kuibeba. Densiti ya maji ni ile ile katika kila sehemu ya mtungi. Ya watu sivyo. Katika sensa hiyo ya 2019 Nairobi ilikuwa na watu 6,247 kwa kila kilomita moja ya mraba, ilhali ndani ya mipaka yake imo Mbuga ya Taifa yenye kilomita za mraba 117 ambamo twiga ni wengi kuliko wakazi. Mbuga ikiondolewa katika hesabu, wastani hupanda hadi karibu 7,500. Mwandishi anayetumia kila kwa watu inampasa aongeze neno wastani. Anayelitumia kwa maji haimlazimu.

Katika kituo cha maziwa, vizio havitajwi kabisa. Karani husoma laktomita na kutamka "ishirini na sita", na mkulima husikia namba isiyo na jina, ambayo yaweza kuwa daraja, bei au nyuzi za joto. Chombo kimefupisha 1.026 ili kiokoe nafasi kwenye shingo ya kioo. Hakuna kinachomzuia karani kusema kwamba kila lita moja ya maziwa haya ina gramu 1,026, na kwamba maziwa yasiyotiwa maji hayapungui gramu 1,028. Mkulima angeweza kuliuliza swali lake mara moja, naye ana haki ya kuuliza, kwa sababu maziwa yaliyopimwa yangali na joto la kiwele husoma chini kuliko yalivyo, na mtungi wake huenda haukutiwa tone la maji.